Meza ya Mahari Gorong'a

Kalenda mbili hukutana Gorong'a, kata ya Wakurya wilayani Tarime, mkoani Mara, kila Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Shule zimefungwa. Kanisani padre amevaa zambarau ya Majilio, anawaandaa waumini kumpokea Mtoto. Barabarani saro, tohara ya rika ya Wakurya, imekwisha kuanza. Msichana aliyetoka kwa ngariba alfajiri anatembezwa polepole, amefunikwa kanga, juu yake umefunguliwa mwavuli. Mbele na nyuma vijana wenye panga na marungu wanaimba, na shangazi zake wanamtunza noti. Ukimuuliza jina atakuambia Maria, au Esta, au Elizabeti. Alibatizwa. Wengi wa wanaomshangilia walibatizwa pia.

Katika kata hiyohiyo, kijijini Masanga, kiko kituo cha Wakatoliki ambacho katika majuma hayohayo hujaa wasichana waliokimbia. Wapo walioletwa na ndugu mwenye huruma, wapo waliopenya migombani usiku peke yao. Wanapewa pa kulala, wanafundishwa juu ya miili yao na haki zao, na kambi ikifika mwisho wanafanyiwa mahafali: vyeti, nyimbo, chakula. Desemba ya Gorong'a, basi, ina njia mbili, na Wakristo wamejaa kwenye zote mbili.

Madhara ya ukeketaji yameelezwa vya kutosha na manesi, walimu na maofisa ustawi wa jamii, nami sitayarudia: damu, maambukizi, uchungu wa uzazi usiokwisha, na makaburi ambayo hayasemwi. Kinachonisumbua ni jambo jingine. Injili si ngeni Mara. Mapadre Weupe walikuwa Nyegina tangu 1911. Wamenoni walifungua misheni ya Shirati mwaka 1934. Wamaryknoll walifika 1946, wakajenga parokia, na Makoko wakaweka shule ya lugha ambako vizazi vya wamisionari vilijifunza Kiswahili. Wasabato nao wana mizizi mirefu mkoani, na Waanglikana wana Dayosisi ya Tarime tangu 2010, chini ya askofu wa kwanza Mwita Akiri, mwana wa hukuhuku. Kwa mahubiri yote hayo, imekuwaje kisu kikabaki na waumini wake ndani ya makanisa hayo?

Takwimu zinasaidia kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 1996 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 10, na wa 2022 asilimia 8. Mara ilikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16, ikashuka hadi 28 mwaka 2022. Singida, iliyokuwa karibu nayo kwa asilimia 31, ilishuka hadi 20 katika muda huohuo. Tuwe waangalifu na hesabu hizi: ndani yake yumo mama wa miaka 48 aliyekeketwa enzi za Mwalimu, kwa hiyo hazisemi moja kwa moja yaliyotokea Desemba iliyopita. Hata hivyo mwendo wa Mara ni wa kobe, na kobe huyu ana kadi ya ubatizo.

Sikiliza mahubiri ya kawaida dhidi ya ukeketaji. Mchungaji atafungua Mwanzo sura ya kwanza, aonyeshe kwamba Mungu alipomaliza kuumba aliona kila kitu ni chema, kisha ataruka hadi Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, mwili kuwa hekalu la Roho. Ni mahubiri sahihi. Mzee wa mila aliyeketi benchi la nyuma anatikisa kichwa kukubali, anatoa sadaka yake, anarudi nyumbani kupanga siku ya binti yake. Hamdharau mchungaji. Ni kwamba mchungaji amejibu swali ambalo Gorong'a haikuuliza. Hakuna aliyesema mwili wa msichana ni mbaya. Kilichosemwa ni kwamba bila saro yeye bado ni mtoto, hana rika, hana jina lake katika hesabu ya ukoo. Wakurya wana neno la kumwita msichana asiyekeketwa, omosagane, na neno hilo hutupwa kisimani, sokoni, shuleni, hata na watoto wadogo kuliko yeye. Linamtoa nje ya watu. Swali la Gorong'a, kwa hiyo, linahusu uanachama: nani ni wetu, na kwa alama gani?

Na hilo ndilo swali la kwanza kabisa lililotaka kulipasua Kanisa. Sijui kama kuna mahali pengine Tanzania ambapo Matendo ya Mitume sura ya 15 ingepaswa kusomwa kwa sauti kubwa kama Tarime. Karibu mwaka 49 watu walishuka kutoka Uyahudi hadi Antiokia wakawaambia waumini wa mataifa kwamba pasipo tohara hawataokoka. Ukazuka ugomvi, Paulo na Barnaba wakapanda Yerusalemu, Petro akasimama, Yakobo akahitimisha: wasiwekewe mzigo huo. Kanisa la kwanza, lenye mitume waliokula na Yesu mwenyewe, lilikaa kikao juu ya kisu, na likaamua kwamba kisu si mlango.

Kweli, kikao kile kilizungumzia tohara ya wanaume, nayo Wakurya wanaume wanayo hadi leo na hakuna mchungaji anayegombana nayo. Lakini hilo linaongeza nguvu ya hoja, halipunguzi. Ikiwa hata alama ambayo Maandiko yenyewe yaliiagiza iliondolewa kuwa sharti la kuingia, alama ambayo Maandiko hayakuiagiza popote itasimamia wapi? Wazee hupenda kusema kwamba hata Ibrahimu alitahiri. Ni vizuri, wafungue Mwanzo sura ya 17 wasome hadi mwisho. Ibrahimu anapewa jina jipya na kisu. Katika sura hiyohiyo mkewe Sarai anapewa jina jipya, Sara, anaahidiwa kuwa mama wa mataifa na wafalme, na hakatwi kitu. Jina na ahadi vilimfikia bila wembe. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hii, na karibu yote huishia kwa Ibrahimu.

Mzee mwenye Biblia yake atajibu, na ana haki. Atasema: mbona sura inayofuata, ya 16, Paulo mwenyewe anamtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile? Kama mtume aliheshimu mila za watu ili apate nafasi kwao, kwa nini binti yetu asiheshimu mila za Wakurya? Hoja hii isichekwe. Ndiyo hoja bora kuliko zote upande ule, na wahubiri wengi huikwepa. Jibu liko kwa Tito. Katika Wagalatia sura ya 2 Paulo anaeleza kwamba huyo Mgiriki hakulazimishwa kutahiriwa, ingawa wapo waliotaka, na Paulo hakuwapisha hata kwa saa moja. Timotheo alikuwa mtu mzima aliyejichagulia safari ya umisionari. Hakuna aliyekuwa akimwambia kwamba bila hivyo si mtu. Tito alidaiwa kisu kama tiketi, na hapo mlango ukafungwa. Sasa msichana wa miaka 11 aliyeamshwa saa kumi usiku, akiambiwa kwamba asipokwenda baba yake ataaibika, yuko upande wa nani kati ya hawa wawili?

Lakini kushinda mjadala wa sura na aya si kazi ngumu. Yerusalemu imekwisha. Matamko yapo, yametolewa na maaskofu, wachungaji na mabaraza, na sidhani kama leo kuna dhehebu kubwa Mara ambalo rasmi linatetea ukeketaji. Tatizo la Gorong'a liko mji wa pili wa habari hii, Antiokia. Petro, aliyesema vizuri kwenye kikao, alifika Antiokia akawa anakula na wasiotahiriwa. Walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga, akaondoka mezani kwa kuwaogopa. Paulo akampinga mbele ya wote. Petro hakubadili fundisho lake hata neno moja. Alibadili kiti tu.

Kiti hicho kwa Mkurya kiko kwenye meza ya mahari. Ng'ombe wa binti ni mfumo. Katika nyumba nyingi wale wanaoingia kwa ndoa ya dada ndio watakaotoka kwa ndoa ya kaka yake. Kwa hiyo msichana anapokataa saro hajihatarishi peke yake. Anatikisa zizi, na ndani ya zizi imo harusi ya kaka. Aliyekeketwa ametarajiwa kuleta ng'ombe wengi zaidi, na wazazi wanajua hesabu hiyo kabla binti hajamaliza darasa la tano. Ngariba analipwa kwa kila kichwa, na wazee wa mila, wale wa inchama, wana sehemu yao. Watu wakisema "mila" husahau kwamba mila ina daftari.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao hakuna Mkurya atakayeushangaa. Mzee wa kanisa ana kijana aliyepata mchumba. Ndugu wamekaa. Shangazi, aliyenyamaza tangu asubuhi, anauliza:

"Huyo binti ni wa saro ipi?"

Kimya. Kijana anaangalia chini.

"Mura, nimekuuliza."

"Hakwenda, shangazi. Alikuwa shule."

"Tata," shangazi anamgeukia mzee wa kanisa, "mwanao anatuletea omosagane. Sisi tutakula wapi siku hiyo?"

Mzee, ambaye Jumapili iliyopita alisoma risala ya kupinga ukeketaji mbele ya mgeni rasmi, anakohoa, anarekebisha koti. "Hilo tutaliangalia," anasema.

"Tutaliangalia" hiyo ndiyo Petro akiinuka mezani. Nayo hufika hadi kwa mama mwenye binti mdogo nyumba ya tatu kutoka pale, ambaye kesho yake anaanza kuulizia ngariba anayeaminika. Si kwamba amesahau mahubiri. Amesikia kikohozi, na kikohozi kimemweleza bei ya mahubiri yale.

Kanisa la Afrika Mashariki limewahi kujaribu njia nyingine, na historia hiyo inafundisha zaidi ya semina. Kule Kikuyu, Kenya, mwaka 1929, misheni ya Church of Scotland chini ya Dakta John Arthur pamoja na misheni nyingine za Kiprotestanti zilidai waumini waape kuacha tohara ya wasichana na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Waliokubali waliweka dole gumba, nao wakaitwa kirore. Makanisa na shule zikamwagika watu. Zikazaliwa shule huru na makanisa huru, na wimbo wa Muthirigu wa kuwakejeli wamisionari ukaenea hadi serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Miaka minane baadaye Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 juu ya Wagikuyu, aliitetea tohara ile kama nguzo ya kabila. Misheni zilikuwa na haki juu ya jambo lenyewe, lakini zililishika kwa mkono wa mkoloni. Ardhi imechukuliwa, kodi imepanda, halafu mzungu yuleyule anadai dole gumba juu ya miili ya mabinti. Kisu kikageuka bendera, na ni vigumu kumshawishi mtu aiangushe bendera yake.

Watu wa Meru, hukohuko Kenya, walipata somo lao mwaka 1956, safari hii kutoka kwa wazee wenyewe. Baraza la Njuri Ncheke, kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni, liliipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakachukua wembe wakakatana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Amri ilikuwa imeondoa tendo na kuacha njaa ya uanachama palepale ilipokuwa. Njaa ikajitafutia chakula.

Masasi ni habari tofauti, na ninashangaa kwamba haitajwi zaidi huku kwetu. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliitazama jando akaamua kuibatiza. Tohara ya wavulana ikafanywa kwa sala, kwa mafundisho ya Kikristo, chini ya macho ya mapadre Waafrika, na msalaba ukasimama mahali pa dawa za kambi. Kijana alirudi nyumbani amekuwa mtu mzima machoni pa ukoo na machoni pa Kanisa kwa wakati mmoja. Upande wa wasichana, unyago, mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu wanaume wa Kanisa walikuwa wakijaribu kupanga nyumba ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuingia. Lakini Lucas alikuwa ameelewa jambo ambalo Kikuyu halikueleweka: ukichukua kitu mkononi mwa watu weka kingine, na kiwe na uzito uleule.

Mambo ya leo Masanga yana nasaba na fikra hiyo, pamoja na "tohara kwa maneno" iliyoanza Tharaka, Kenya, mwaka 1996, ambako wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, wakafundwa, wakatolewa kwa sherehe bila damu. Cheti cha Masanga si karatasi ya kuchezea. Ni jaribio la kusema kwamba msichana huyu amepita, mhesabuni. Upande wa Serengeti, pale Mugumu, Nyumba Salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto na nusura afe. Baadaye alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women, lenye nyumba nyingine Butiama. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018 ilipeleka kazi hiyo duniani: polisi wa dawati la jinsia, pikipiki usiku, wazazi wakibembelezwa barazani. Ukiitazama utaona kwamba sehemu ngumu si kumpokea msichana. Sehemu ngumu ni Januari.

Januari shule zinafunguliwa na kambi zinafungwa. Wazazi huitwa, huketi na maofisa ustawi na polisi, huandika ahadi kwamba binti hatakatwa. Wengine wanalia, wanamkumbatia mtoto, wanakwenda naye. Wengine hawaji kabisa. Msichana wa namna hiyo anabaki kituoni, anajifunza cherehani au anasomeshwa, na amelipa kwa kumpoteza mama yake. Tunapompongeza kwa ujasiri tukumbuke kwamba tumemwachia mtoto bili ambayo watu wazima walikataa kulipa. Kimbilio ni kazi njema na ningependa yawepo mengi. Lakini kila msichana anayekimbilia Masanga akiwa ametoka nyumba ya Mkristo ni ushahidi kwamba jumuiya ndogondogo ya mtaa wake ilikuwa imelala.

Sheria nayo ina mipaka. Ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka mitano hadi kumi na tano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, kwa mlezi anayemkeketesha msichana aliye chini ya miaka 18. Faini hiyo leo haifiki bei ya ng'ombe mmoja wa maana. Na aliyetimiza miaka 18 haguswi na kifungu hicho, kwa hiyo mwanamke anaweza kuolewa bila saro, akazaa, kisha mama mkwe akaanza: hufai hiki, huruhusiwi kile. Siku moja anakwenda mwenyewe, tunasema ameamua. Kenya ilifunga mwanya huo kwa sheria ya 2011, inayomlinda hata mwanamke mzima. Daktari Tatu Kamau akaipinga mahakamani akidai mtu mzima ana haki ya kuchagua, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikamkatalia. Matokeo mengine ya tofauti ya sheria hizi ni safari za mpakani, maana Wakurya wako pande zote mbili na mpaka ni njia ya ng'ombe. Aprili 2019 Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zilikubaliana Mombasa kushirikiana juu ya safari hizo. Ng'ombe hawakualikwa.

Kanisa lina chombo chake cha adhabu, nacho ni kutenga. Hapa nina lawama. Kosa likijulikana ni rahisi kumtenga mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana akimfunika binti kanga, au ngariba, kwa sababu mikono yake ina damu. Baba aliyekaa na ndugu zake akapanga siku, akaweka akiba ya sherehe, akapokea pongezi, hubaki kwaya ya wanaume. Mzee wa mila anayelipwa sehemu yake hata hafikiriwi, labda kwa sababu yeye ndiye anayechangia bati za kanisa. Nidhamu inayowafuata wanawake peke yao haijafika kwenye mizizi ya jambo.

Ukitaka kuona kama hoja ya meza inasimama, ijaribu kwenye mambo mengine ambayo Wakristo wa Tarime hugombana nayo. Mitala, kwa mfano. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth wa 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka hali hiyo iishe, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa katika mazingira fulani. Mpaka iishe maana yake nini? Katika vijiji vingi maana yake ilikuwa kumfukuza mke wa pili na watoto wake ili baba apate maji ya ubatizo. Iliwachukua Waanglikana miaka 100 kamili, hadi Lambeth ya 1988, kukubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa ahadi ya kutoongeza mwingine, bila kulazimishwa kuwafukuza aliokwisha kuwaoa. Fundisho la ndoa ya mke mmoja halikubadilika. Kilichobadilika ni nani alipe gharama yake.

Kisha iko nyumba ntobhu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, mara nyingi mjane mwenye ng'ombe, anamlipia mahari msichana, anamleta nyumbani, na huyo anazaa na mwanamume aliyechaguliwa. Watoto ni wa nyumba ya mwanamke mkubwa. Hakuna tendo la ndoa kati ya hao wawili. Desemba 2023 Vatikano ilipotoa waraka wa baraka kwa wenzi wa jinsia moja, na Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo akatangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazifai barani, mjadala ulienea hadi vijijini kwa redio na simu, na wapo waliounganisha haraka: mbona hata Tarime wanawake wanaoana? Hilo ni kuchanganya mafaili. Bibi mwenye ntobhu akifungua Biblia atajikuta karibu na Sara aliyemtoa Hajiri, na Raheli aliyemtoa Bilha, wote wakitafuta mtoto kwa ajili ya nyumba. Na Biblia haifichi machozi ya Hajiri.

Kwa hiyo anayestahili kuuliziwa ni msichana aliyelipiwa. Ana umri gani? Nani alimuuliza kama anataka? Akitaka kuondoka, ng'ombe watarudishwa na nani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, hivyo mahakamani ntobhu haimpi msichana huyo kitu bibi akifa. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi dhidi ya vifungu hivyo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Mchungaji anayeshughulika kutafuta jina la dhambi ya bibi huyo atapitwa na mtoto wa miaka 15 anayechota maji nyuma ya nyumba.

Saro, mitala, ntobhu: zote tatu zinakutana kwenye zizi, na zote tatu bili yake hupelekewa msichana. Imani inayotaka kusema neno Gorong'a lazima iingie humo, pale jina la ukoo, ng'ombe na harusi ya kaka vinapopangwa. Matamko ya Yerusalemu yanatosha, mimi sihitaji lingine.

Ombi langu ni dogo na linawahusu wanaume wachache tu, wale wenye vijana wa kuoa. Mzee wa kanisa, katekista, mwinjilisti, mchungaji: kabla ya Desemba nyingine ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, shangazi atakapouliza mkamwana wako ni wa saro ipi, usikohoe. Sema hakwenda, na kwamba kwako ng'ombe wake hawatapungua hata mmoja. Kisha kaa palepale, ule chakula alichopika.